Waislamu wa Shingo

Nyumba yetu iko Msalato, ndani kidogo ukitoka barabara ya Kondoa, na Jumamosi ile wageni walikuwa wanatoka Kolo, mbele ya Kondoa, kuja kumwona binti yangu. Niseme mapema jambo lililokuwa limenikaba. Baba mkubwa wa yule kijana alikuwa na barua ya posa mfukoni, lakini alishawaambia watu wake kwamba haitoi mpaka aione nyumba kwanza. Kijana mwenyewe, ambaye kazi yake ni ya serikali hapa mjini, alimwambia binti yangu, na binti yangu akaja kuniambia mimi huku anapepeta mchele, hanitazami usoni.

"Baba, anasema anataka kujua kama sisi ni Waislamu kweli au ni Waislamu wa shingo."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, maana halikunichekesha hata kidogo.

Maneno hayo nimekua nayo. Kwetu huku, mtu anayechinja hupewa shingo ya mnyama, ndiyo haki yake. Na arusi iwe ya Mkristo, msiba uwe wa mzee asiye na dini hii wala ile, mnyama wa watu wengi atachinjwa na Mwislamu, ili asibaki mtu anayekula ugali mkavu kwa sababu ya imani yake. Sijawahi kuona mahali palipoandikwa hivyo. Watu wanafanya tu. Kijijini kwetu Mwislamu alikuwa baba yangu, peke yake kwa miaka mingi, kwa hiyo shingo zote zilikuja nyumbani kwetu. Ndipo watu wakasema yule hakusilimu kwa ajili ya Mungu, alisilimu kwa ajili ya shingo. Sisi watoto tukaitwa hivyo hivyo, Waislamu wa shingo. Ulikuwa utani, na baba mwenyewe aliucheka. Ila utani ukivuka vijiji vingi mpaka ukafika Kolo kwa mkwe wako, huwa umebadilika.

Nimeanza kuandika haya jioni ile ile kwa sababu naogopa nikiacha siku zipite nitajipendelea. Mimi shule yangu ni darasa la saba. Nitajitahidi kila mtu nimpe haki yake, kaka yangu zaidi.

Kaka yangu ni Mkristo. Tena ni mzee wa kanisa, mtu wa tai na koti hata kukiwa na jua la kukausha uwele. Si kwamba alimwasi baba. Wakati wake shule ya karibu ilikuwa ya misheni, na baba alimpeleka mwenyewe kwa mkono wake, akijua. Alirudi na jina jipya na akili ya hesabu, baba akasema vyote viwili ni vyake. Mimi nilipofikia umri wa shule hali ilishabadilika, shule ilikuwa ya serikali, nikabaki na dini ya baba. Mara nyingi nawaza, ningezaliwa mimi kwanza, mwenye tai leo angekuwa nani? Swali hili sijawahi kumuuliza mtu wa dini. Naogopa jibu lake.

Siku hiyo wageni walitarajiwa baada ya adhuhuri. Mbuzi walikuwa wawili, wamefungwa kwenye mti wa mzabibu, na nilipanga nirudi niwachinje saa nne. Asubuhi nikaenda mjini, Chang'ombe, kwa shemeji yangu kuazima masufuria makubwa. Nikamkuta hayupo, na ufunguo wa stoo kaondoka nao. Nikasubiri kibarazani. Nikiwa hapo mke wangu akapiga simu.

"Wameshafika Kondoa mjini. Wanasema waliondoka alfajiri, hawataki jua liwakute njiani. Uko wapi wewe?"

"Nasubiri ufunguo."

"Ufunguo gani tena, baba wa watu? Mbuzi wanatutazama hapa!"

Niliporudi, na masufuria yakigongana nyuma ya bajaji, mbuzi hawakuwa wanamtazama mtu tena. Walikuwa wananing'inia, wameshachunwa, na kaka yangu, aliyekuja kunisaidia kupokea wageni, amekunja mikono ya shati jeupe, anaosha kisu bombani. Koti lake lilikuwa limetundikwa juu ya mlango, kwa uangalifu, lisipate damu.

"Nimekuokoa, mdogo wangu," akasema. "Ungewakuta wageni wanakula mate."

"Kachinja nani, kaka?"

"Unaniuliza mimi wakati kisu ninacho mkononi?"

Nilisimama na sufuria kichwani. Naye akaniona uso, akaelewa, na hapo sauti yake ikabadilika. "Niliwaelekeza kibla. Nimesema bismillahi, nikasema Allahu Akbar, vile vile kama baba. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia miguu ya wanyama kabla wewe hujazaliwa. Umesahau?"

Sikusahau. Na niseme ukweli, alikuwa amechinja vizuri, mkato mmoja safi. Mimi mkono wangu hutetemeka.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Yeye alikuwa amekwenda kuteka maji kwa jirani kwa sababu bomba letu lilikuwa linatoa kidogo kidogo, aliporudi akakuta kazi imekwisha. Sikuwa na wa kumlaumu. Hata mwenye ufunguo hakuwa na kosa, alikwenda sokoni kama watu wote.

"Nyamaza," mke wangu akaniambia, anakatakata vitunguu kwa hasira. "Nyama haisemi."

"Mimi nasema."

"Basi funga mdomo. Si wewe uliyesikia kwenye darsa msikitini kwamba kilichochinjwa na watu wa Kitabu, hata Mkristo, kinaliwa? Ulirudi hapa ukanisomea mimi."

"Nilisikia. Nilisikia pia kwamba wako wanaokataa."

"Kwa hiyo leo unachagua wanaokataa? Siku ya mwanangu?"

Alikuwa na hoja. Naiandika kama alivyoisema ili mtu asidhani alikuwa anapuuza dini. Anaswali kuliko mimi. Lakini mimi niliona hivi: yule mzee anakuja kupima kama nyumba hii ni ya Waislamu. Nikimwambia nyama imechinjwa na Mkristo, amepata jibu lake, barua inarudi Kolo mfukoni mwake. Nisipomwambia, nimemlisha kitu ambacho angekijua asingekila, halafu nampa binti yangu kwa watu niliowadanganya kwenye sahani ya kwanza. Na kaka je? Nikisema mbele za watu kwamba kwa sababu yake nyama ina shaka, nimemweka wapi mtoto wa baba yangu? Mbuzi wengine sikuwa nao. Muda wa kutafuta haukuwepo. Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Binti yangu alikuwa anavaa chumbani na wenzake, wanacheka. Vicheko vyao vilinichoma.

Wageni wakaingia kabla jua halijakaa katikati. Walikuja na gari dogo lililojaa vumbi, wanaume watatu, shangazi wa kijana, na kijana mwenyewe, aliyekwenda kwao kuwachukua, nyuma kabisa, amebana magoti. Baba mkubwa alishuka wa mwisho. Mrefu, mkavu, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe. Ni mwalimu wa madrasa kule kwao. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu kama daktari anayetafuta mapigo.

Kaka alikuwa ameshavaa koti lake. Nikamtambulisha. "Huyu ni kaka yangu mkubwa, ndiye baba kwangu sasa. Ni mzee wa kanisa."

"Karibuni sana," kaka akasema. "Tumefurahi."

"Ahsante," baba mkubwa akasema, akiitazama tai.

Wakaketi sebuleni kwenye mkeka na makochi. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa nyumba nzima. Shangazi, mama mnene mcheshi, akasema kwa sauti ya kutosha jikoni kusikia, "Jamani sisi tumetoka Kolo na chai ya rangi tu. Mkichelewa tutaanza na huyu kijana." Watu wakacheka, mimi nikacheka nyuma yao, nimechelewa.

Baba mkubwa hakuwa na haraka. Alipenda kufundisha, nadhani ndiyo kazi yake popote anapokaa. Akaanza kueleza jinsi dini ilivyotoka Makka, jinsi Waislamu wa mwanzo walivyokimbilia Uhabeshi wakapokewa na mfalme Mkristo. Hapo kaka yangu akasogea mbele kwenye kiti, akasema, "Hilo sikulijua." Mzee akasema, "Ndivyo ilivyokuwa," akaendelea. Akasema dini ilikwenda Shamu na Misri nyuma ya majeshi, hakuficha, lakini ilifika Uhindi ya kusini na visiwa vya mbali vya Asia mikononi mwa wafanyabiashara, na pwani yetu vile vile. Kutoka pwani ikapanda na misafara, ikapita hapa Ugogo kwenye visima, ikaenda Tabora mpaka Ujiji. Tena akasema jambo ambalo limebaki kichwani mwangu: misafara ilipita Ugogo miaka na miaka, watu wakauziana maji na chumvi na pembe, lakini dini haikushuka mzigo hapa kama ilivyoshuka Kondoa.

"Na sababu?" akauliza, kama tuko darasani. "Sababu zinatajwa nyingi. Mojawapo ni kwamba mpita njia haachi kitu. Anayeacha ni anayelala." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo nataka kukuuliza wewe, mwenyeji wetu. Ninyi iliwafikiaje?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Nilijua ndilo alilokuja nalo.

Nikamweleza kama baba alivyonieleza. Babu yangu alikuwa na ng'ombe na nyumba ya tembe, na kulikuwa na mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa anatoka huko juu, Kondoa au Kolo, na punda wawili. Akipita hulala kwa babu. Babu humchinjia, na yule mtu hali. Anakula ugali na mlenda, anashukuru, analala. Safari baada ya safari. Babu akaona aibu, maana mgeni anayelala kwako bila nyama, kesho majirani watasema nini? Akamuuliza, hivi wewe tumekukosea nini? Mtu yule akamweleza kwamba mnyama lazima achinjwe na Mwislamu. Babu akafikiri, akamleta mwanawe, ambaye ndiye baba yangu, kijana wa kuchunga. Akasema, mfundishe huyu kuchinja, ili ukija ule.

"Alisema hivyo?" baba mkubwa akauliza.

"Ndivyo baba alivyotueleza. Mfanyabiashara akasema siwezi kumfundisha kisu bila shahada. Babu akasema basi mfundishe vyote viwili. Baba akaenda naye, akakaa huko mwaka na zaidi, akarudi anaswali. Babu aliendelea na matambiko yake mpaka kufa kwake, lakini mgeni alikula."

Kisha, kwa sababu nilijua kwamba anajua, nikaongeza, "Ndiyo maana watu wanatuita Waislamu wa shingo. Sikatai. Mimi sijui moyoni mwa baba kulikuwa na nini siku ile ya kwanza. Najua alivyokuwa siku ya mwisho, alikufa anaulizia swala ya alasiri. Katikati sikuwepo."

Nje lori la kokoto la uwanja wa ndege unaojengwa huku kwetu lilipita, vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Baba mkubwa alikuwa ananitazama. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia.

"Jina la huyo mtu wa nguo?"

"Baba alimwita Mwalimu tu."

"Wa nguo kule kwetu walikuwa wengi," akasema. "Tungemjua, ingekuwa vizuri." Akanyoosha mguu, akasema kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Kwa hiyo baada ya baba yenu ukaja wewe. Na hawa wa leo umewachinja wewe."

Hakuuliza. Ningeweza kutikisa kichwa tu, hata neno lisingehitajika.

"Hapana," nikasema. "Kachinja kaka yangu."

"Kaka yupi?"

"Huyu."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, nadhani kifuniko. Kijana akainamisha uso. Kaka yangu hakunitazama mimi, alimtazama mzee, amenyooka kama anasoma somo kanisani.

"Ni kweli," kaka akasema. "Ndugu yangu alikuwa mjini, nikaona aibu itatupata. Niliwaelekeza kibla, nikataja jina la Mungu kwa maneno ya baba yetu. Kama ni kosa ni langu, yeye hakujua."

"Nilijua niliporudi," nikasema. "Tangu nirudi najua."

"Subiri kwanza," kaka akaninong'oneza, lakini nilikuwa nimeshasema.

Baba mkubwa akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Wale wanaume wengine walikuwa wanamsubiri yeye. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa anatazama mlango wa jikoni.

"Wanavyuoni wamehitilafiana katika jambo hili," akasema hatimaye. "Wako wanaohalalisha nyama ya watu wa Kitabu, na dalili wanayo. Kwa hiyo mimi sitamkataza mtu hapa, kila mmoja na elimu yake. Ila mimi tangu utotoni sijala, na umri huu sianzi leo. Mzee," akamgeukia kaka, "usinichukulie vibaya."

"Sichukulii," kaka akasema. Lakini alichukulia. Mimi namjua, shingo yake ilikuwa imesimama.

Nilingoja mzee anyanyuke aage. Badala yake akasema, "Kuna jogoo anawika hapo nje tangu tumefika. Wa nani?"

"Wetu."

"Mchinje wewe. Nikuone."

Tulitoka wote, hata wanawake walisimama mlangoni, hata binti yangu na nguo yake mpya, ambaye kwa desturi hakutakiwa aonekane bado. Jogoo alitusumbua, alikimbilia nyuma ya choo, kijana wa posa akamkimbiza na viatu vyake vya kung'aa mpaka akamkamata. Wenzake binti yangu walipiga vigelegele, shangazi akasema, "Haya, mume mmemwona, anajua kukimbia!" Mimi sikuweza kucheka. Kisu kilikuwa mkononi, na mkono ule ukaanza.

Hapo kaka akavua koti tena. Akalitundika mlangoni pale pale, akaja akamshika jogoo mabawa na miguu, akamlaza, akamwelekeza. Alishika kama alivyokuwa anamshikia baba. Nikataja jina la Mungu, nikachinja. Haukuwa mkato mzuri kama wake, lakini ulitosha. Nilipoinua uso baba mkubwa alikuwa hatazami kisu. Alikuwa anaitazama mikono ya kaka yangu.

Tulikula kwa kuchelewa sana, maana jogoo wa kienyeji haivi upesi. Baba mkubwa alikula jogoo, na mwanamume mmoja akaungana naye. Wengine walikula pilau ya mbuzi, shangazi akarudia mara ya pili na kusema maswali mengine atayajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Kaka yangu alikula kidogo. Sikujua nikae sinia lipi. Nikakaa kwenye jogoo kwa sababu nilimchinja mimi, kisha nikaona kaka yuko peke yake na wageni wengine upande ule, nikahamia, kisha nikaona nimemwacha mgeni. Mke wangu alisema baadaye nilionekana kama mtu aliyepoteza funguo.

Baada ya kunawa, baba mkubwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha. Nikanyoosha mikono kuipokea. Hakunipa. Barua ya posa hupewa mkubwa wa ukoo. Nilikuwa nimesahau kabisa, na kumbe yeye hakusahau. Alipita mbele yangu, akasimama kwa kaka yangu, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Mzee, tumekuja kwenu," akasema.

Kaka akasimama, akafunga kifungo cha koti, akapokea kwa mikono miwili pia. "Tumewapokea. Majibu mtayapata." Sauti yake haikuwa imara.

Wakaondoka jua likiwa bado juu kidogo. Sijui mzee yule aliridhika na nini. Labda na jogoo, labda na ukweli, labda hakuridhika, ila aliona aibu kumrudisha kijana aliyekwisha kupenda. Ningependa kuandika kwamba ni ukweli, lakini sikumwuliza, na sina haki ya kumsemea.

Walipokwisha kwenda mke wangu akaniita jikoni. Alikuwa hajanisamehe bado, lakini alikuwa ameziweka pembeni shingo mbili za mbuzi, ameziosha, amezifunga kwenye mfuko. "Mpelekee mwenyewe," akasema.

Nikamkuta kaka nje kwenye kigoda, anapangusa viatu vumbi, tayari kwa safari ya kwake. Nikampa. Alifungua mfuko, akatazama ndani. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumtaja mbele za watu, nikaacha, kwa sababu ningerudishwa pale ningemtaja tena.

"Hii ya nini?"

"Ya aliyechinja."

Akaupima mfuko mkononi, akatazama njia waliyoondokea wageni, vumbi lilikuwa halijatua vizuri.

"Kwa hiyo na mimi leo," akasema, "Mwislamu wa shingo."

Hapo ndipo nilipocheka, na yeye akacheka, mpaka mke wangu akatoka kuuliza kuna nini.